Namba Thelathini na Moja Inajibu

Siku ilianza vizuri tu. Jua la saa tatu asubuhi lilipenya madirisha ya juu ya kiwanda, harufu ya sabuni mbichi imejaa kila kona. Fundi Kebo alikuwa akinywa chai chumba cha kuendeshea mitambo, pamoja na yule mama wanayemwita Mama Skrini, maana hata akikusalimia macho hayabanduki kwenye kompyuta.

"Mtandao wako leo umetulia kuliko wewe mwenyewe," Mama Skrini alimtania.

Kiwanda kizima kiliungwa kwa kebo moja. Kila kidude kilikuwa na namba. Kompyuta ikiita namba, mwenyewe anaitika. Asipoitika kuna hitilafu, na hapo ndipo fundi huitwa aje na kipimo chake.

Siku ile mambo yalikuja kinyume.

"Hebu ona," Mama Skrini akasema, sauti imeshuka. "Kuna namba inajibu bila kuitwa. Thelathini na moja."

Fundi Kebo akaiweka chai chini.

Thelathini na moja ilikuwa namba ya kihisi cha mlango wa pipa kubwa la kukorogea sabuni. Mlango ukiwa wazi, kihisi kinasema, na mapanga ya ndani hayazunguki. Miezi miwili nyuma waya wake ulianza kusumbua, pipa likawa linazimika ovyo. Fundi Kebo hakubadilisha waya. Aliukata, akakitoa kihisi, akaliacha kasha tupu, akaifuta namba na kuiambia kompyuta kwamba mlango ule umefungwa siku zote. Jumatatu nitarekebisha, alijiambia.

Jumapili shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja, aliingia ndani ya pipa kulisafisha. Zamu nyingine ikaliwasha, naye akiwa bado ndani.

Kwenye ripoti Fundi Kebo aliandika kwamba marehemu alizembea. Watu wa mtaani wakaongeza yao, kwamba alikuwa amelewa. Alisikia, akajikausha. Msibani alishika jeneza mbele kabisa, na dada yake akamshukuru.

"Labda namba mbili zimegongana," alisema sasa, akachukua kipimo.

Aliutenga mtandao kipande kwa kipande. Mashine za kufungashia, akazitoa. Mizani, akaitoa. Thelathini na moja ikaendelea kujibu. Mwishoni kikabaki kipande kimoja tu, cha pipa.

Alipaswa kuzima swichi kuu kabla ya kuingia ndani ya pipa. Lakini funguo lazima ziombwe, na angeulizwa anatafuta nini mle. Aliona haya. Akaingia hivyo hivyo.

Ncha ya waya ilikuwa pale pale, imeviringishwa utepe mweusi kwa mkono wake. Haijagusa kitu.

"Bado inajibu?" alinong'ona kwenye redio ya mkononi.

"Bado. Inasema mlango uko wazi."

Nyuma yake mlango ukajifunga.

Giza. Akasukuma. Haukusogea. Akabonyeza redio, ikakoroma tu. Chini ya miguu yake mota ikanguruma. Mapanga yakatikisika, kidogo, kama mtu anayeamka.

Yakasimama.

Alibaki amejikunyata, hapumui. Kando yake mtu alikuwa anapumua.

Redio ikarudi. Mama Skrini alikuwa analia. "Fundi? Redio ilikatika, nikadhani umetoka, nikawasha kujaribu! Imekataa. Thelathini na moja inasema mlango uko wazi."

"Umefungwa," alisema. "Na kompyuta haiisikilizi namba hiyo. Mimi ndiye niliyeifuta."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo. Mlango ukaachia.

Hakushangilia kupona. Aibu ilimvaa mwili mzima, mpaka akashindwa kumtazama Mama Skrini usoni. Shemeji aliyemsingizia uzembe ndiye aliyemkatalia kufa. Saa sita mchana alikuwa mbele ya meneja, anaandika ripoti upya. Saa nane alikuwa kibarazani kwa dada yake, bado na ovaroli.

Alisema yote akiwa amesimama. Dada hakupiga kelele.

"Miezi miwili napita njiani nimeinamisha kichwa," alisema. "Nimemlaumu mume wangu kaburini. Na wewe unakula kwangu."

"Dada..."

"Nenda, kaka. Siku nikiweza kukutazama, nitakuita."

Akaenda. Hakuitwa mwaka ule, wala uliofuata. Kiwandani walimwachisha kazi, na wakaguzi walipoichunguza kebo ile hawakukuta chochote cha kujibu.

Lakini jioni ya siku ile ya kukiri, jua halijazama, dada alitoka na ufagio. Kibaraza alikuwa amekipiga deki kabla kaka yake hajaja. Sasa kilikuwa na nyayo nyeupe za unga wa sabuni, nyayo za buti, zimetoka getini mpaka kizingitini. Jozi mbili, bega kwa bega.

Zilizorudi getini zilikuwa jozi moja.

Dada aliuegemeza ufagio ukutani, taratibu, akageuka kuutazama mlango wa chumba chake.