Karatasi Ilisema Kilomita Mia na Ishirini

Nina miaka ishirini na minne na naishi Kitale, ambako nauza mitumba sokoni. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia nikikosea hapa na pale. Mimi ni mtu wa kucheka... lakini haya ninayowaandikia yalininyamazisha wiki nyingi.

Nilikuwa na mchumba, Nekesa, wa Myanga, kule ng'ambo ya Bungoma. Jamani, nilimpenda!

Mwaka huo nikanunua pikipiki ya betri. Ndiyo, ya betri! Haina petroli, haina moshi, unaichomeka kwa stima kama simu. Aliyeniuzia alinionyesha karatasi yake: kilomita mia na ishirini kwa chaji moja. Nikaanza kuota mchana kweupe... mimi na Nekesa tukipita Bungoma bila kelele, watu wameshika midomo!

Siku tatu niliizungusha mjini peke yangu. Ikaenda vizuri sana. Nikasema, karatasi haidanganyi.

Basi ikafika siku ya kwenda kuzungumza mahari. Wazee wetu wengine walitangulia na gari. Mimi nikasisitiza nimbebe Baba Mkubwa, ndugu ya marehemu baba yangu. Yeye ndiye alikuwa msemaji wetu, na nilitaka wakwe wamwone akishuka kwa pikipiki isiyonguruma. Kwetu, wageni wa mahari hawaingii bomani bila msemaji wao. Na upande wa msichana, lazima mjomba wake aketi ndipo maneno yaanze. Mjomba huyo alikuwa ametoka Lwakhakha, na alikuwa na siku hiyo moja tu.

Tuliondoka saa moja asubuhi, baridi ya Kitale ikiuma masikio. Baba Mkubwa ni mzito kama gunia la mahindi, na mapajani alikuwa na blanketi ya mama mkwe na sukari. Tulipopita Kiminini geji ilikuwa bado juu ya nusu. Kisha vilima vikaanza... sindano ikaanguka ghafla! Kabla ya Kamukuywa, pikipiki ikazima.

"Mwanangu, hii kitu haikunywa chai?" Baba Mkubwa akaniuliza.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara akadakia, "Si mpatie huyo punda maji, bana!"

Tukacheka wote. Hata mimi! Kwa nini sikusimamisha gari hapo hapo nikampandisha mzee? Magari yalikuwa yanapita! Lakini niligundua kwamba ukiipumzisha kidogo, inaamka. Inapanda kilima kimoja, inakufa tena. Kila mara nilimwambia, "Ngoja ipoe Baba, sasa itafika." Mzee wa miaka sabini akatembea, akasukuma, viatu vyake vya kanisani vikajaa vumbi...

Saa nne, ndugu yake Nekesa akapiga simu. Tuko wapi? Nikajibu kwa furaha, "Tuko Webuye, shemeji, tunakuja!"

Akasema, "Webuye gani? Mimi niko hapa Webuye kwa steji ya magari, nimetumwa niwapokee. Sioni mtu."

Nikakata simu. Ndiyo, nilikata!

Saa saba Baba Mkubwa alichoka na mimi, akasimamisha lori tupu la miwa, tukapakia pikipiki. Tulifika Myanga saa tisa. Wazee wetu walikuwa bado wameketi kwenye nyasi nje ya lango, na njaa yao. Mjomba ndiye alikuwa anatoka. Alimsalimia Baba Mkubwa kwa mikono miwili, akamwambia kuchelewa si neno, vyombo huharibika. Kisha akanigeukia.

"Lakini wewe kijana, unatudanganya kabla hatujakupa msichana. Ukishampata itakuwaje?"

Akaenda zake. Bila yeye, hakuna aliyefungua mdomo. Na baba yake Nekesa alikataa kutupa siku nyingine.

Nekesa nilimwona mara moja tu baadaye, sokoni Bungoma. Hakulia. "Ningekungoja hata ungekuja kwa miguu," aliniambia. "Lakini mbona ulisema Webuye?"

Mwezi wa Desemba aliolewa.

Binamu yangu mwalimu ndiye alinisomea maandishi madogo chini ya karatasi ile: mtu mmoja mwembamba, barabara tambarare, mwendo wa polepole. Vilima havikutajwa. Baridi haikutajwa. Wala Baba Mkubwa! Ningeweza kumlaumu muuzaji, lakini ni nani aliniambia nitaje Webuye?

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Usiwawekee watu saa kwa kutegemea namba ya karatasi. Kijaribu chombo chako kwa njia yako mwenyewe, na mzigo wako mwenyewe. Na kikikuangusha, sema mahali ulipo. Kama ni Kamukuywa, sema Kamukuywa, hata wakucheke! Wangenicheka siku moja, halafu wangenipa mke.