Kisogo Kinywani mwa Mwalimu

Ilianza kwa harufu. Asubuhi moja mwalimu alipiga mswaki, akasukutua, na badala ya ladha ya dawa ya meno akabaki na harufu ya mafuta ya kuchua kinywani, yale makali aliyokuwa akimpaka mama yake mgongoni enzi za uhai wake. Alirudia mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Harufu haikubanduka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfundishaji wa darasa la kwanza, mcheshi, wa kuimba silabi na watoto mpaka madirisha yakatikisika. Tangu mazishi ya mama yake alikuwa amepunguza maneno, na watu walisema ni majonzi. Sasa akawa anafundisha huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mwishowe akaenda kwa daktari wa meno kusafishwa, akijipa moyo kwamba ni ukoga tu, maana kazi ya kumuuguza mama ilikuwa imemsahaulisha hata nafsi yake.

Daktari alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimlaza kwenye kiti, akavuta taa, akamchungulia na kumwambia meno yake ni mazima, ukoga kidogo tu kule nyuma, na kwamba wagonjwa wote wangekuwa hivyo yeye angekufa njaa. Mwalimu alicheka kwa macho. Daktari akamtia mrija wa kufyonza mate kando ya ulimi, na chombo chembamba cha kukwangulia ukoga kikaanza kulia juu ya jino.

Kulala chali vile, bila kuweza kujigeuza wala kusema, kulimletea yale aliyokuwa akiyakimbia. Mama yake alilala hivyo hivyo muda mrefu, miguu imekufa, akingoja mtu amgeuze ubavu. Mchana ule wa mwisho aliita. Mwalimu alikuwa chumba cha pili, amejitupa kwenye godoro, hoi. Alisikia, tena vizuri. Akajifunika mto usoni, akijisemea kwamba mama amezoea kuita kwa kila jambo, acha angoje kidogo. Sauti iliita, ikaita, ikawa nyembamba, ikakoma. Alipokwenda alimkuta kageuka nusu kuelekea ukutani, kama mtu aliyejaribu mwenyewe akashindwa. Kwa ndugu alisema mama alilala tu, hakuita mtu. Wakamshika mikono, wakamwombea heri kwa uuguzi wake, naye akaitikia.

Daktari alizima chombo. "Umesema nini, mwalimu?"

Hakuwa amesema kitu. Mdomo ulikuwa wazi, mrija umo ndani, ulimi umetulia.

"Nigeuze," ilisema sauti ya bibi kizee kutoka nyuma ya magego.

Harufu ya mafuta ya kuchua ikajaa chumba kizima ikizimeza dawa zote za pale, na daktari, ambaye mkono wake ulikuwa bado umeshika kioo kidogo cha kuchungulia meno, akakiingiza ndani zaidi kwa sababu hakuamini masikio yake, akakipangusa ukungu, akakiinamisha kuelekea kooni, na pale palipotakiwa kuwa na giza tu akaona nywele za mvi zilizosukwa mistari, na chini yake shingo, kisogo cha mtu mdogo kuliko kidole aliyelala ameelekea ndani, akitikisika taratibu kama anayetafuta nguvu za kujigeuza.

Alitoa mikono. Taa ilimwonyesha kijasho kwenye paji.

"Sijui nimeona nini," alinong'ona. "Lakini hicho mimi siwezi kukisafisha."

Mwalimu alikwenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya namna hiyo. Bibi yule alimsikiliza, akamnusa pumzi, akauliza mchana ule ulikwendaje hasa. Mwalimu akasema yote, akitazama sakafu. Alitamani apigwe kofi. Hakupigwa.

"Huyo si dada yangu," alisema mama mdogo. "Dada yangu amepumzika. Hilo ni jini, limeazima sauti yake. Uliposema uongo pale msibani, ukalifungulia mlango. Kaseme kweli kwa uliyemdanganya, litatoka."

Aliyedanganywa zaidi alikuwa kaka yake, aliyefika msibani akilia kwamba siku ile alikuwa safarini. Walimkuta sebuleni kwake, saa za alasiri. Mama mdogo alifunga madirisha, akamweleza sababu ya kuja, kisha akamwangalia sana.

"Likitoka litatafuta pa kukaa. Kama nawe una uliloficha juu ya mama yako, toka nje sasa, au useme."

Kaka alitikisa kichwa. Hana.

Basi mwalimu akasema. Alieleza mto, alieleza sauti ilivyokuwa ikipungua, alieleza kwamba alisikia kila mara na kila mara aliamua. Kabla hajamaliza, pumzi ya baridi ilimpita kwenye meno kutoka ndani kwenda nje, ndefu, isiyo yake, na ilipokwisha kupita akagundua kwamba kinywa chake hakina harufu wala ladha yoyote ila ya mate yake mwenyewe. Akainua macho kupokea hasira ya kaka yake.

Kaka alikuwa amekaza taya mpaka mishipa ya shingo imetuna. Machozi yalimtiririka, mikono miwili juu ya mdomo, naye akitikisa kichwa vilevile, hana, hana. Lakini mdomo ulifunguka.

"Mwanangu," sauti ileile ya bibi kizee ilisema kwa upole, "nilikuona mchana ule. Mbona uliishia mlangoni? Ingia unigeuze."

Mama mdogo aliketi chini polepole.

Mwalimu alijua anapaswa kumkimbilia kaka yake. Hofu alikuwa nayo, na huruma pia, lakini hazikuwa za kwanza kufika. Kilichotangulia kilikuwa nafuu, tamu, iliyomjaa kifua kizima, kwamba safari hii anayeitwa si yeye.