Njia Inayozunguka Kilima

Bonareri alikuwa katikati ya mstari wa chai. Alichuma majani mawili na chipukizi lake, akayatupa kikapuni mgongoni. Akachuma tena. Kila alipohamia mchai mwingine, aliuburuta kidogo mguu wa kulia. Alidhani hakuna anayeona.

"Huo mguu umekuwa mkia?" aliuliza Mong'ina, mama mkwe wake, kutoka mstari wa pili. "Naona unaukokota."

"Ni baridi tu, mama."

"Jua limefika utosini na bado ni baridi."

Bonareri alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka 1974. Mwishoni mwa Agosti kungekuwa na mbio za nyika za wilaya mjini Kisii. Bonareri alikuwa amechaguliwa kukimbia kwa niaba ya lokesheni yao, upande wa Keumbu. Mshindi angekwenda Kisumu kukimbia na wanawake wa mkoa mzima.

Bonareri alikuwa akikimbia tangu alipokuwa shuleni. Alipoolewa na Machogu, watu walisema sasa ataacha. Machogu ndiye aliyekataa aache. "Nilimpenda akikimbia," aliwaambia. "Kwa nini nimsimamishe?"

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima. Kutoka pale palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya udongo laini, na ilizunguka kilima polepole. Lakini ilipita mbele ya mlango wa Mzee Onyancha, baba yake Machogu. Kila asubuhi mzee alikaa pale kwenye kigoda chake, akinywa uji.

Bonareri alikimbia akiwa amevaa kaptula. Katika desturi ya Abagusii kuna heshima kubwa kati ya mkwe na mkaza mwana. Wanaiita chinsoni. Mke wa mtoto hawezi kupita mbele ya baba mkwe mapaja yakiwa wazi. Hakuna aliyemkataza Bonareri. Hakuna aliyehitaji kumkataza.

Kwa hiyo alitumia njia ya pili. Hiyo iliteremka moja kwa moja hadi mtoni. Mvua ilikuwa imeichimba mpaka ikabaki mawe matupu. Ng'ambo ya mto ilipanda hadi barabara ya murramu, nayo ilikuwa imemwagiwa kokoto mpya.

Machogu alisimama mtoni kila asubuhi na kumpigia mkewe mluzi.

"Kupanda ndiyo kazi," alimwambia. "Kushuka ni bure. Ukishuka, achilia miguu."

Bonareri aliiachilia. Visigino vyake viligonga mawe, gu, gu, gu, mpaka chini. Alifanya hivyo siku zote, bila kubadilisha. Mguu ulipoanza kuuma, Machogu alisema utazoea. Bonareri naye alisema utazoea. Haukuzoea.

Siku hiyo alasiri Bonareri na Machogu walibeba chai hadi kituo cha kununulia majani, kando ya barabara. Hapo walimkuta Jaswant amechuchumaa karibu na lori. Alikuwa fundi wa magari pale Keumbu. Tairi moja lilikuwa limetolewa, na harufu ya breki zilizoungua ilijaa hewani.

"Lori limeshindwa na mlima, Bwana Jaswant?" Machogu aliuliza.

"Kupanda limepanda vizuri sana," Jaswant alisema. "Ni mteremko uliolila." Akainua kipande cha breki kilicholika mpaka chuma. "Dereva mpya. Anashuka kwa kasi, halafu anakanyaga breki. Kasi tena, breki tena. Anasema kushuka hakuna kazi."

Bonareri alitua kikapu chake, akasimama kwa mguu mmoja. Jaswant alimtazama.

"Na wewe, dada? Nani amekula breki zako?"

Bonareri aliona haya. Lakini alikuwa amechoka kuficha. Alimwonyesha muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti.

"Unauma ukipanda au ukishuka?"

Bonareri alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nikishuka," alisema. "Na asubuhi nikitoka kitandani."

"Haiwezekani," alisema Machogu. "Kushuka ni kupumzika."

"Mapafu yanapumzika," Jaswant alimjibu taratibu. "Miguu haipumziki. Wakati wa kushuka, miguu ndiyo breki. Kila hatua inazuia mwili wote usianguke. Ukigonga na kisigino mbele sana, goti limenyooka, mfupa unapokea kishindo chote. Leo, kesho, keshokutwa. Hata chuma kinalika, sembuse mfupa."

"Wewe umejuaje, na wewe ni wa magari?"

"Nilicheza hoki Kisumu nikiwa kijana. Niliumia hapo hapo. Nikakaza meno, nikaendelea kucheza. Mwisho nilikaa nje msimu mzima, natazama wengine." Alipangusa mikono kwa kitambaa. "Sikupata mtu wa kuniambia. Sasa mimi nakuambia. Dada, unapumzika siku gani?"

"Sabato."

"Hukimbii Sabato?"

Bonareri alitazama chini. "Jioni, jua likishatua, nakimbia."

"Basi wewe ni Msabato lakini miguu yako bado haijabatizwa."

Machogu alicheka mpaka kikapu kikayumba. Bonareri naye alicheka, na mara hii alicheka kweli.

"Sikilizeni," Jaswant alisema. "Kwanza nendeni kwenye kituo cha afya. Mfupa unaweza kupata ufa. Ukibonyeza mahali padogo pakauma kama sindano, usikimbie kabisa. Ukipona, kimbia kwa nguvu siku moja, na siku inayofuata polepole, au tembea tu. Ukishuka, piga hatua fupi. Kunja goti kidogo. Mguu utue chini yako, usiende mbele yako. Na tafuteni njia laini isiyo na mteremko mkali. Huku kwenu haiko?"

Mume na mke walitazamana.

"Iko," alisema Machogu. "Lakini inapita mlangoni kwa baba."

"Mzee ni mkali?"

"Si mkali. Ni mkwe."

Jaswant alikuwa ameishi kwa Abagusii miaka mingi, akaelewa. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye breki zake. "Hilo mimi siwezi kutengeneza," alisema.

Kesho yake muuguzi aliubonyeza mfupa wote, kutoka gotini hadi kifundoni. Hakupata ufa. Alimwambia Bonareri asikimbie majuma mawili, na aloweke mguu katika maji baridi ya mto kila jioni. Maumivu yakibaki, arudi.

Bonareri alitii. Ilikuwa vigumu. Kila asubuhi aliamka na kumsikia jogoo, akatamani kutoka. Wanawake wengine waliochaguliwa walikuwa wakikimbia barabarani. Aliwasikia wakipita, akabaki akiosha sufuria.

Wakati huo Machogu alikwenda kuzungumza na baba yake. Alizunguka sana. Alianza na ng'ombe, akaja kwenye mvua, kisha akafika kwenye mguu. Mong'ina alikuwa akimenya ndizi karibu nao.

Mzee Onyancha aliweka chini kikombe chake cha uji. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu anashuka kule kwenye mawe? Mimi nilidhani anapenda mawe."

"Anakuogopa wewe," alisema Mong'ina.

"Ananiheshimu. Ni vizuri. Lakini sasa nifanye nini? Nikimsikia anakuja, nikimbilie ndani kila asubuhi kama kuku aliyeona mwewe?"

"Unaweza kunywea uji ndani."

"Sinywi uji ndani," alisema mzee.

Machogu alirudi nyumbani bila jibu. Bonareri alimsikiliza, kisha akasema, "Mwache mzee na uji wake." Lakini moyo wake ulikuwa mzito. Kama angerudi kwenye mawe, mguu ungeuma tena. Kama asingekimbia, Agosti ingepita bila yeye.

Asubuhi iliyofuata walisikia panga likilia chini ya kilima. Mzee Onyancha alikuwa kwenye miti yake ya miwati, chini ya nyumba yake. Alikuwa amepigilia vijiti ardhini kuonyesha njia mpya, navyo vilipita mbavuni mwa kilima mpaka migombani. Miti na migomba ilificha kila kitu. Mtu aliyekaa mlangoni kwa mzee asingeweza kuona anayepita huko.

Machogu alichukua jembe akashuka mbio. Alipofika alianza kuchimba kutoka chini kwenda juu, moja kwa moja.

"Unafanya nini?" baba yake aliuliza.

"Nafupisha, baba."

"Wewe ndiye uliyefupisha ile ya mtoni, tukapata bonde la mawe. Maji hupenda njia fupi kuliko wewe. Njia ikikata kilima upande, maji hayapati mbio. Fuata vijiti. Na kila baada ya kipande, chimba mfereji mdogo, maji yatokee pembeni."

Majirani walipita wakitania. "Mzee, unachimba barabara ya gari gani?"

"La miguu miwili," alijibu. "Halinywi petroli."

Majuma mawili yalipokwisha, mguu wa Bonareri haukuuma. Njia ilikuwa imefika nusu ya kilima. Hiyo nusu ilimtosha. Alikwenda na kurudi juu ya udongo laini. Siku moja alikimbia kwa nguvu, siku inayofuata polepole, akiimba. Sabato alipumzika kutwa, hata jua lilipotua. Kwenye miteremko alijifunza kupiga hatua fupi. Mwanzoni Machogu alisema anafanana na bata. Siku moja alijaribu kumfuata huyo bata, akaachwa migombani.

Siku ya mbio ilikuwa Ijumaa. Wanawake walipangwa mstarini mjini. Wangepanda kilima cha Nyanchwa, wazunguke juu, kisha washuke mpaka uwanjani. Bunduki ililia.

Wakati wa kupanda, wanawake wawili walimtangulia Bonareri. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye fulana nyekundu. Machogu alisimama pembeni mwa njia, mikono kichwani. Walipofika juu, wa fulana nyekundu alikuwa mbele kwa mbali.

Kisha mteremko ukaanza.

Wa fulana nyekundu aliachilia miguu. Visigino vyake viligonga, gu, gu, gu. Alikwenda kasi, akaogopa, akajizuia. Akaenda kasi tena, akajizuia tena. Bonareri aliusikia ule mshindo, akaujua. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yamekunjwa kidogo. Hatua zake zilikuwa fupi na nyepesi, moja baada ya nyingine, bila kupigana na kilima. Alimpita yule mwingine kwenye kona. Alimfikia wa fulana nyekundu karibu na uwanja. Pale chini, kwenye nyasi tambarare, yule mwenzake hakuwa na miguu tena. Bonareri alikuwa nayo yote miwili.

Alikata utepe peke yake.

Machogu aliruka uzio, akasahau viatu vyake upande wa pili. Mong'ina alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Jaswant, aliyekuwa amefunga gereji yake asubuhi nzima, aliinua mkono juu na kusema, "Breki nzuri, dada. Sasa Kisumu."

"Baba hakuja?" Bonareri alimwuliza mama mkwe polepole.

Mong'ina alielekeza kidole kwenye kilima kingine, ng'ambo ya uwanja. Mbali kabisa, kando ya mti, mtu mdogo kama punje alikuwa amesimama na fimbo.

Jioni, nyumbani, mzee alimwambia mkewe kwa sauti ya kutosha kusikika hadi jikoni: "Kutoka kule juu watu wote ni vitone. Mimi sikuona nguo ya mtu wala mguu wa mtu. Niliona kitone kimoja tu kikipita vingine. Hicho kilikuwa cha nyumba yangu."

Bonareri alikuwa akikoroga sufuria ya ugali. Alisimamisha mwiko, akaficha uso wake ukutani, akatabasamu.

Jumapili wote walirudi kwenye njia. Wasichana wawili wa jirani walikuja na majembe yao. Walitaka kukimbia hapo, na mama zao walitaka kupitisha chai hapo bila kuteleza. Bonareri, akiwa amevaa rinda refu na leso, alianza upande wa barabara. Mzee Onyancha alichimba kutoka upande wa miwati. Walichimba kuelekeana, migomba ikiwa katikati.

Alasiri mawingu meusi yalikusanyika. Kilibaki kipande kifupi, na ndani yake jiwe kubwa. Machogu alilipiga kwa mtaimbo. Halikutikisika.

"Liache," mzee alisema nyuma ya migomba. "Chimbeni mfereji kwanza, mvua isije ikaibeba kazi yetu. Jiwe halina miguu. Mwambieni mke wa Machogu tutaligeuza kesho."

"Amesikia, baba," alisema Machogu.

Walichimba mfereji. Matone ya kwanza yalipoanguka, maji yalitoka pembeni, kidogo kidogo, na njia ikabaki mahali pake. Majembe waliyaegemeza kwenye jiwe.