Viatu vya Mjomba Qajaaq

Kila alasiri, Ulayu akitoka shuleni hapo Igloolik, kijiji cha kaskazini ya mbali penye barafu, alikunywa chai, kisha akaketi sakafuni kando ya bibi yake, Makpa, wakashona pamoja. Safari hii alikuwa na kazi ya viatu vya ngozi ya sili, vya Mjomba Qajaaq wa Sanirajak, kijiji jirani. Jumatatu mjomba angekwenda kuwinda ukingoni mwa barafu ya bahari, na viatu vyake vya zamani vilikuwa hoi. Ulayu ndiye aliyejitapa, "Niachieni mimi!"

Lakini wiki nzima alicheza tu. Mwalimu alikuwa amewapa hesabu ya umbali kati ya viwanja viwili vya ndege, Igloolik na Sanirajak. Ni kilomita kama sabini, na ndege huzimaliza kwa dakika ishirini hivi. Basi Ulayu akajiona ana muda wa kumwaga.

"Sanirajak ni hapo tu, hata chai haipoi," alisema.

Ijumaa, siku ya ndege ambayo ingepeleka viatu, alishona mbiombio, mishono mirefu mirefu. Kisha akatangaza, "Tayari! Vimekamilika kabisa!"

Bibi hakumkemea. Angewezaje? Ulayu alirithi jina la marehemu baba yake Bibi, na tangu azaliwe Bibi humwita baba, naye humwita Bibi binti. Makpa alijaza maji kiatu kimoja, akakiinua. Maji yakachuruzika kwenye mshono.

"Baba," alisema taratibu, "huu mguu ni wa nani?"

Ulayu aliona aibu, machozi yakamlengalenga. Alijua maji yale yangeganda kwenye vidole vya mjomba. "Nimekudanganya, binti yangu. Nilijua mishono haijakazwa." Akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Ndege itaondoka!" kaka yake, Inuki, alionya.

"Iondoke!"

Alianza upya, sindano ikipita ndani ya ngozi bila kutoboa upande wa pili, ili maji yasipate tundu. Ndege ikanguruma juu ya paa, ikaenda zake. Hakuinua kichwa. Vidole vilimuuma, akaendelea, na Jumamosi asubuhi maji hayakupita hata tone.

"Kaka, nipeleke kwa pikipiki yako ya theluji."

"Wewe! Si ulisema chai haipoi?" Inuki alicheka. "Leo utaijua hiyo ‘hapo tu’ yako."

Aliijua. Aliketi kwenye sleji, gari la kuteleza lililovutwa nyuma ya pikipiki, mabonge ya barafu yakamrusharusha, upepo ukamkata mashavu. Kamba ya kuvutia ilikatika mara mbili. Walifika jioni, Ulayu amekumbatia viatu ndani ya koti, hakuviachia hata mara moja.

Mjomba alivivaa, akasimama ndani ya beseni la maji hadi chai yake ikapoa. Soksi zilitoka kavu.

"Babu!" aliangua kicheko, maana jina la Ulayu lilikuwa la babu yake. "Ulipokuwa hai zamani hukujua hata kushika sindano!"

Wakampigia Bibi simu.

"Baba," Makpa alisema, "ile hesabu yako ilikuwa sahihi, lakini ni ya ndege. Kazi ya mikono ina muda wake. Ianze mapema, na kama haijakwisha, sema haijakwisha."

"Nimesikia, binti yangu." Ulayu alitazama miguu ya mjomba wake. "Basi haijakwisha. Kamba moja ya kufungia bado. Nipe muda, naimalizia."