Santuri ya Ulezi Jazi

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanawaza uchawi tu, na mimi siku zote nilikuwa nawacheka. Jioni ile tulikuwa tunakwenda Malangali kununua santuri, basi.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu Hamidi, mwenye duka la vitenge Majengo. Miaka kumi na moja tumebishana kila jioni barazani kwake: bendi ipi ilikuwa na mpiga solo mkali, santuri ipi haina wimbo mbovu hata mmoja. Mimi ninazo santuri mia na ushee. Mke wangu, Bertilla, anasema zimekula nafasi ya ulezi. Lakini kuna moja tuliyoitafuta mpaka tukakata tamaa. Ulezi Jazi, bendi ya hapa hapa kwetu, ilirekodi mara moja tu, mwaka 1974, na hakuna aliyejua santuri hiyo ilikoishia.

Kisha mjane mmoja, Mama Otilia, akatuma salamu kwamba anayo.

Tulifika jua likizama. Upepo wa Juni ulikuwa unapenya hadi kwenye mifupa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mtaisikiliza hapa hapa kwanza." Akafuta gramafoni yake ya betri kwa ncha ya kanga. "Wakianza kutaja majina, msiitike. Marehemu Urbano wangu aliitika."

Hamidi alinikonyeza. Nikabana kicheko.

Mpenzi wa dansi anaijua raha ya kutajwa. Muziki ukichemka, mwimbaji huwaita mashabiki kwa majina, na wewe uliyetajwa unanyoosha mkono na kujibu, "Nipo!" Hamidi amefuata madansi tangu ujanani, mpaka Mbeya. Hajatajwa hata siku moja, na lilikuwa linamuuma.

Sindano ikashuka.

Kwaruu... kwaruu...

Gitaa likaingia, tamu mno, nikasahau baridi. Chumba kikaanza kunuka vumbi na jasho la watu wengi, ingawa tulikuwa watatu tu.

"Gaudensi, upo?"

"Nipo!" sauti ikajibu humo humo ndani ya santuri.

"Urbano, upo?"

"Nipo!"

Mama Otilia akafumba macho. Ikabaki ngoma peke yake...

"Hamidi wa Majengo... upo?"

Mwaka 1974 Hamidi alikuwa hajazaliwa.

Mkono wake ulikwishapanda. "Nipo!" Alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

Ndani ya santuri, watu wakapiga makofi.

Mama Otilia akainua sindano. Hela yetu hata hakuitazama. "Ichukueni. Ivunjeni kabla jua la kesho halijazama," akanong'ona. "Mimi nilishindwa. Sauti ya mume wangu imo."

Njiani Hamidi hakubisha lolote, yeye mbishi yule. "Ivunje wewe, Fabi. Mimi mikono inakataa. Niapie."

Nikamwapia.

Sasa niseme ukweli, na aibu ni yangu. Sikuivunja. Nitavunjaje kitu ambacho pengine ni kimoja duniani? Nilichukua santuri mbovu ya kwaya, nikakwangua karatasi yake ya katikati, nikaipasua na kumpelekea vipande asubuhi. Alivishika, akashusha pumzi, akaniita ndugu yake. Hilo linanichoma kuliko yote.

Jioni ile ile mkewe, Mwasiti, alinipigia. Hamidi ametoka dukani pekupeku. Viatu viko mlangoni, simu iko kwenye chaji. Tulimtafuta wiki nzima. Wapo wanaosema kakimbilia Kirando, ziwani. Hamidi hawezi hata harufu ya dagaa.

Nilipopata nafasi ya kuwa peke yangu, nikaiweka ile santuri. Gaudensi akaitika. Urbano akaitika. Kisha Hamidi.

"Nipo." Bila kicheko sasa.

Halafu taratibu, karibu kabisa, kama yuko barazani...

"Fabi... ulivunja ipi?"

Niliuma kola ya shati nisijibu.

Siwezi kuivunja tena, maana nitamvunja na yeye. Siwezi kumpa Mwasiti, maana ataitika. Gramafoni nimeiuza. Santuri nimeiviringisha kwenye blanketi na kuifukia ndani ya kihenge, chini kabisa ya ulezi. Na bado kila jua likizama nasikia... kwaruu... kwaruu... Nilidhani nasikia peke yangu.

Jana nilikuwa uani nachambua maharage. Bertilla alikuwa jikoni peke yake, anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Nikamsikia akiitika kwa adabu yake ya siku zote.

"Abee, shemeji. Nipo huku jikoni."