Bamba la Milimita Arobaini

Renatus, fundi wa vipimo, alikutwa jioni chini ya daraja jipya la reli huko Masakta. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa nyundo, mwili umelala kwenye maji ya baridi ya korongo. Daktari wa Katesh alishindwa kukadiria saa ya kifo.

Msimamizi wa ujenzi, Hermani, hakushindwa. Alisema saa tisa alasiri alimwona Renatus juu ya daraja akipima, na mzee Gidahosh akimwendea na fimbo. Wiki iliyopita ng'ombe wa mzee alivunjika mguu kwenye shimo la ujenzi, mzee na Renatus wakagombana.

Basi, kesi imeisha. Askari wakampakia mzee garini na kumpiga njiani, kuiokolea mahakama muda.

Kesho yake mchana Inspekta Oliva aliagiza mtuhumiwa aletwe darajani.

"Shikamoo, mzee," alimwamkia. Askari wakatazama viatu vyao.

Mzee alieleza kwamba siku ya mauaji, tangu alfajiri hadi saa nne, alikuwa kwenye josho la ng'ombe, na bwana mifugo alimwona. Alasiri alipita, kweli. Juu ya daraja hapakuwa na mtu.

Oliva akapanda. Kati ya boriti za zege huachwa mwanya, maana daraja hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Ndani ya mwanya lilikuwa limenasa bamba la kupimia la Renatus, la milimita arobaini. Watu wawili walilivuta, halikutoka.

Oliva akachukua bamba jingine la kipimo hicho hicho, akalijaribu pembeni. Likakataa kuingia.

"Saa tisa jua la hapa likoje?"

"Kali, Afande," Hermani alijibu.

"Kuliko sasa?"

Hermani akaitikia kwa kichwa.

"Basi hili liliingia alfajiri, kwenye baridi. Saa tisa ulimwona nani, mzimu wake?"

"Afande, labda..."

"Alfajiri mwanya unatakiwa uwe milimita ngapi?"

"Themanini."

"Umeacha nusu."

Hermani akakaa chini. Alikiri kwamba aliziweka boriti karibu mno, akaficha. Alfajiri ile Renatus alipima, akasema anaandika ripoti, boriti zote zinyanyuliwe zipangwe upya. Ndipo Hermani akampiga kwa nyundo.

"Ningefukuzwa. Miaka ishirini na mbili kazini, nifukuzwe na mtu wa bamba?"

"Reli ingepinda kwa joto. Abiria je?"

"Hao siwajui, Afande."

Oliva alikunja ngumi, akaikunjua, akamfunga pingu.

Gidahosh akafunguliwa. Oliva alimwomba radhi, akamwambia gari la polisi litamfikisha hadi Hirbadaw, nyumbani.

Mzee akalitazama gari. Akasema alishalipanda, inatosha, akashika njia kwa miguu.