Simu ya Kina Tregear Inatumika

Wenzangu wa Wirraba, nyumba ya baba yangu ilikuwa nyumba ya raha. Saa nne asubuhi mama anamimina chai, baba anarudi kutoka kukagua kondoo, na simu ya ukutani hailali: huyu anataka kuazima trela, yule anauliza kama mvua imefika kwetu. Nataja majina bila kuficha, kwa sababu anayeanza na aibu ya kwao ana haki ya kuzisema na nyumba za wengine.

Raha hiyo ilitibuka mwaka 1996, baba aliponunua kompyuta na modemu, kile kisanduku kinachopitisha mambo ya kompyuta kwenye waya wa simu. Baba yangu, Lyle Tregear, halewi wala hachezi kamari. Ugonjwa wake ni ndege. Hurekodi sauti zao mabondeni, na sasa alikuwa amempata jamaa wa Hobart, mji wa mbali huko kusini, mwenye ugonjwa uleule. Kila siku alimtumia faili. Faili moja la sauti lilichukua saa nzima, na mtu akiinua simu tu, kazi yote inaanza upya. Basi akabandika karatasi kwenye simu: USIGUSE.

"Lyle, dada yangu ananipigia siku ya tatu leo hanipati," mama alilalamika. "Anadhani nimemnunia."

"Mwambie aandike barua."

"Nitakuandikia wewe kwanza. Labda utanisoma."

Baba akacheka. Na sisi tukacheka, na hapo ndipo tulipokosea.

Mnaujua mnyororo wetu wa simu. Moto wa nyika ukizuka, mkuu wa kikosi cha zimamoto anampigia Dulcie Haberfield, Dulcie anatupigia sisi, nasi tunazipigia nyumba tatu zilizo ng'ambo ya kijito. Ya mwisho ni ya bibi yangu Enid, mama yake baba. Ana miaka themanini na moja, anaishi peke yake, gari hana.

Jumanne moja ya Februari upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma kama mtu amefungua tanuri. Mama alikuwa mjini. Baba alikuwa anatuma Hobart sauti ya ndege mmoja anayeiga sauti zote za porini, hata za misumeno ya wakata miti. Alikuwa amemvizia miaka mitatu. Nikanusa moshi.

"Baba, kuna moshi."

"Ni jirani Merv anachoma takataka."

"Leo, na upepo huu? Merv ana wazimu, lakini si wa namna hiyo."

"Roslyn, mwanangu, asilimia tisini na nne! Kungekuwa na moto wangetupigia."

"Wangetupigia wapi, Baba?"

Macho yake hayakubanduka kwenye kioo cha kompyuta. Sikuingoja ya tisini na tano. Nilichomoa waya wa modemu, akapiga ukelele kama vile nimemchinja ndege mwenyewe, nikainua simu na kumpigia Dulcie.

"Roslyn! Bibi yako ameshatoka?"

"Atoke wapi?"

"Mama wee. Nilipiga kwenu nusu saa iliyopita, simu inatumika. Nikajua mnawaita wa ng'ambo. Moto umeshavuka barabara ya kinu!"

Mnaona? Sote tumelelewa hivyo: siku ya moto, simu inayotumika ni habari njema, maana yake mnyororo unakwenda. Siku hiyo simu yetu ilimdanganya Dulcie.

Baba alisikia. Alikuwa ndani ya pikapu kabla sijamaliza kumpigia mama yake.

"Bibi, toka nje, Baba anakuja!"

"Hatimaye! Wiki nzima nampigia, nikadhani ameshanizika. Na kuku wangu?"

"Waache kuku, Bibi!"

"Mimi simwachi mtu. Mwambie aje na kapu."

Nikazipigia zile nyumba mbili nyingine, wakatoka wote. Baba alirudi amejaa masizi usoni, Bibi kando yake, kuku wanne ndani ya kapu la nguo mapajani. Banda la kuku la Bibi liliteketea, na ukuta mmoja wa nyumba, kisha upepo ukageuka.

Sasa Bibi anaishi nasi. Anabishana na baba kila chai, kuku wanatembea jikoni, na simu inalia tena mpaka inachosha. Baba hutuma ndege wake Jumapili tu, tena isiyo na upepo, baada ya kumwarifu Dulcie kwamba anashika waya.

FUNZO

Kompyuta haina kosa, na ndege hawana kosa. Kipende unachokipenda, lakini usizibe njia ambayo wenzako wanakufikia kwayo, maana wao watadhani uko kazini kwa ajili yao. Nanyi mnaomwona mtu amezama, msimchekee kama tulivyomchekea sisi.

Baba bado anadai kwamba zilibaki dakika nne tu, na kwamba ninapaswa kumwomba radhi angalau kwa yule ndege. Nimemjibu mezani, mbele ya Bibi, na nawajibu ninyi pia: siombi.